Mchoro wa Ufundi kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaoanza useremala, uchomeleaji na ufundi wa mitambo. Mengine huulizwa siku ya kwanza, mengine huulizwa baada ya mbao kuharibika. Ili tusizunguke, nitatumia kipande kimoja cha mfano tangu mwanzo hadi mwisho: chuma chenye umbo la L cha kushikiza mguu wa benchi sakafuni. Kitako chake kina urefu wa milimita 80 na upana wa 40. Mgongo unasimama upande wa kushoto, na kimo chake tangu sakafuni ni 60. Unene kote ni 10. Kwenye kitako kuna tundu la boliti lenye kipenyo cha 12. Katikati yake iko 50 kutoka nyuma ya mgongo na 20 kutoka ubavuni. Chukua karatasi ukichore sasa hivi, hata kikitoka kibaya.

Mchoro wa ufundi una tofauti gani na picha?

Picha inaonyesha kitu kinavyoonekana. Mchoro wa ufundi unamweleza mtu mwingine namna ya kukitengeneza wakati wewe haupo. Hapo pa "haupo" ndipo penye kazi yote. Umesafiri, simu imezima chaji, na fundi amebaki na karatasi tu. Karatasi ikisema mambo mawili, atachagua moja, na aghalabu atachagua lile linalomaliza chuma kidogo.

Sina kipaji. Hata ng'ombe simchori akaeleweka. Nitaweza?

Hapa hakuna ng'ombe. Kuna mistari, maduara na pembe, na vyote vina mbinu ya kujifunza. Waliozoea kuchora sura za watu ndio wanaonisumbua zaidi wiki za mwanzo, maana wanatia vivuli kila mahali na mistari inapotea.

Ninunue vifaa gani?

Penseli mbili, raba, rula ya sentimita 30, bikari, na pembetatu mbili: moja ya nyuzi 45, nyingine ya nyuzi 30 na 60. Karibu vyote vimo kwenye mkebe wa hisabati wa mwanafunzi wa shule. Ongeza daftari la miraba. Rula kubwa ya umbo la T na meza ya kuchorea vinaweza kusubiri.

Herufi za kwenye penseli zina maana gani?

H ni ugumu, B ni weusi. Namba ikikua, sifa hiyo inazidi: 2H ni ngumu kuliko H, na 4B ni laini na nyeusi kuliko 2B. HB iko katikati. Tumia 2H kwa mistari ya kuanzia, ile myepesi utakayoifuta au kuifunika, kisha HB kwa mistari ya mwisho. Penseli za B waachie wachora sura. Zinachafua karatasi na ncha yake haidumu.

Nitachoraje mstari ulionyooka bila rula?

Weka nukta mbili, mwanzo na mwisho. Weka ncha ya penseli kwenye ya kwanza, halafu macho yako yaende kwenye ya pili na yabaki huko. Anayekodolea macho ncha ya penseli hupinda. Ni kama kuendesha baiskeli huku ukitazama tairi la mbele. Mkono utoke kwenye kiwiko, kwa mstari mrefu utoke begani, usizungushe kifundo cha mkono. Pita kwanza kwa wepesi bila kugandamiza, rekebisha, kisha pita kwa nguvu. Karatasi nayo haijapigiliwa msumari: izungushe mpaka mstari uelekee upande ambao mkono wako unaupenda.

Uwiano ni muhimu kuliko unyoofu. Kama kitako ni 80 na mgongo ni 60, mgongo uwe robo tatu ya kitako hata kama mistari inatetemeka kidogo. Kwa kitu kilicho mbele yako, nyoosha mkono wote, simamisha penseli, funga jicho moja, na utumie kidole gumba kupimia: upana huu unaingia mara ngapi katika kimo kile? Ukikunja kiwiko katikati ya kupima, vipimo vyote vimeharibika.

Na duara?

Chora kwanza mraba ambao duara litakaa ndani yake. Weka alama katikati ya kila upande. Chora mishazari miwili kutoka kona hadi kona. Juu ya kila mshazari, ukitokea katikati kwenda kwenye kona, weka alama zaidi kidogo ya theluthi mbili ya njia. Sasa una nukta nane, na duara linapita zote. Chora vipande vifupi vifupi, sio kwa mzunguko mmoja wa kujionyesha.

Kwa nini mistari mingine minene, mingine ya vipande vipande?

Kwa sababu mstari wenyewe ni lugha. Mstari mnene usiokatika ni ukingo unaouona. Mwembamba usiokatika ni wa kusaidia: wa vipimo, wa kuelekeza, wa kujazia mahali palipokatwa. Mstari wa vipande vifupi ni ukingo uliopo lakini umefichwa na sehemu nyingine. Katika kipande chetu, tundu likitazamwa kutoka mbele ni mistari miwili ya namna hiyo ndani ya unene wa kitako, iliyoachana kwa 12. Mstari mwembamba wa kipande kirefu na nukta ni wa katikati, na kila tundu linastahili kuwa nao.

Mstari mnene uwe mara mbili ya mwembamba, kwa mfano 0.5 kwa 0.25 ya milimita. Kwa penseli hutapima, lakini mtu aliyesimama hatua mbili kutoka mezani aone tofauti. Michoro mingi ninayorudisha haina kosa la kipimo hata moja. Mistari yake yote ina unene mmoja, na macho hayajui yaanzie wapi.

Kwa nini nichore kitu kimoja mara tatu?

Hili ndilo swali kubwa. Ukitazama kipande chetu kutoka mbele sawasawa, unaona herufi L yenye upana wa 80 na kimo cha 60. Umelijua umbo, lakini hujui kina chake wala tundu liko wapi. Kitazame kutoka juu: mstatili wa 80 kwa 40, mstari mmoja ukipita 10 kutoka kushoto pale mgongo unapoishia, na duara la tundu. Kitazame kutoka kushoto, nyuma ya mgongo: mstatili mtupu wa 40 kwa 60. Kitako hakionekani, kiko nyuma ya mgongo, kwa hiyo uso wake wa juu unachorwa kwa vipande, 10 kutoka chini, na tundu nalo lina mistari yake miwili ya vipande chini ya hapo.

Kila mwonekano peke yake unadanganya. Ikiwa pamoja, inasahihishana. Ndiyo maana huwekwa kwa mpangilio na sio popote penye nafasi: wa juu ukae wima sawasawa na wa mbele ili upana wa 80 ushuke kwa mstari mmoja, na wa pembeni ukae kwenye usawa wa mbele ili kimo cha 60 kivuke moja kwa moja. Ukichora hivyo, nusu ya vipimo hupimi tena. Unavihamisha kwa rula.

Kitu kikiwa rahisi, mionekano miwili inatosha. Bomba linatosha na mmoja, ukiandika alama ya kipenyo, Ø.

Aliyeifanya njia hii kuwa elimu ya kufundishika ni Mfaransa Gaspard Monge, aliyezaliwa mwaka 1746. Akiwa kijana kwenye shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières alipewa hesabu ya ngome, kazi iliyokuwa ikichukua hesabu ndefu za namba, naye akaimaliza kwa kuchora. Jeshi likaiweka mbinu hiyo siri kwa miaka mingi. Aliifundisha hadharani mwaka 1795. Ukichoka kuchora mwonekano wa tatu, kumbuka kwamba zamani ungefungiwa chumbani ili jirani asiuone.

Pembe ya kwanza na pembe ya tatu ni nini?

Ni kanuni mbili za kupanga ile mionekano. Katika pembe ya kwanza, unachokiona ukiwa juu kinachorwa chini ya mwonekano wa mbele, na unachokiona ukiwa kushoto kinachorwa kulia, kana kwamba kitu kimesukumwa kikalalia upande wa pili na kuacha chapa. Katika pembe ya tatu, cha juu kinakaa juu na cha kushoto kinakaa kushoto, kana kwamba kitu kimo ndani ya sanduku la kioo na umekifuatisha juu ya kioo chenyewe. Ulaya na sehemu kubwa ya Asia hutumia ya kwanza. Marekani na Canada hutumia ya tatu. Huku kwetu utakutana na zote mbili, kwa kuwa mashine zetu zimetoka kila mahali.

Hakuna iliyo bora. Hatari ni kuzichanganya, maana kipande kitatoka kama kilichoonekana kwenye kioo: tundu la kushoto limekwenda kulia, na kila kipimo ni sahihi. Tafuta alama chini ya karatasi, koni iliyokatwa ncha pamoja na maduara mawili, moja ndani ya jingine. Upande mwembamba wa koni ukielekea maduara, ni pembe ya tatu. Upande mpana ukiyaelekea, ni ya kwanza.

Isometriki inachorwaje?

Ni mchoro unaoonyesha pande tatu kwa pamoja, ule ambao hata mteja asiyejua ufundi anauelewa. Anza na mistari mitatu inayotoka kwenye nukta moja: mmoja wima, mmoja ukipanda kulia kwa nyuzi 30 kutoka mstari mlalo, mwingine ukipanda kushoto kwa nyuzi 30. Urefu wote unaofuata mielekeo hiyo mitatu unapimwa kama ulivyo. Kwa kipande chetu, chora kwanza boksi zima la 80 kwa 40 kwa 60, kwa wepesi, halafu "kata" sehemu isiyo chuma mpaka L ibaki. Anayechora L moja kwa moja bila boksi hupotea kwenye kona ya tatu.

Mambo mawili huwachanganya watu. La kwanza, mstari usiofuata mielekeo ile mitatu haupimwi kwa rula. Tafuta nukta zake mbili za mwisho kwa kufuata mielekeo, kisha ziunganishe. La pili, duara huonekana kama yai lililonyooshwa, yaani duaradufu. Ile njia ya mraba inafaa bado, ila mraba wenyewe sasa umelala na kuwa kama almasi. Kutoka kwenye kila kona butu ya almasi, vuta mistari miwili hadi katikati ya pande mbili za ng'ambo. Mistari hiyo inakutana mahali pawili. Weka bikari kwenye hizo nukta mbili kwa tao mbili ndogo, na kwenye kona butu kwa tao mbili kubwa. Si duaradufu halisi kihesabu, lakini hakuna mteja atakayekudai.

Mwanahisabati William Farish wa Cambridge aliieleza isometriki mwaka 1822 kwa shida ya kikarakana kabisa. Alikuwa akifundisha kwa mifano ya mashine iliyofunguliwa na kuungwa upya kila somo, na wasaidizi wake walihitaji mchoro wa kuwaonyesha kipi kinaingia wapi wakati yeye hayupo.

Na mchoro wa mshazari?

Uso wa mbele unachorwa ulivyo, kina kinavutwa kwa nyuzi 45. Punguza kina kiwe nusu, la sivyo kitu kitaonekana kirefu kama jeneza. Unafaa pale maduara yote yanapokuwa upande wa mbele.

Kwa nini reli kwenye picha zinakutana kwa mbali, ila kwenye mchoro wangu mistari haikutani?

Kwa sababu jicho hupunguza vitu vya mbali, na mchoro wa kutengenezea haupunguzi, ili kila urefu upimike. Michoro ya mistari inayokutana ni ya kumwonyesha mwenye nyumba sebule itakavyopendeza. Usiipeleke kwa fundi.

Skeli ni nini, na nichague ipi?

Ni uwiano kati ya karatasi na kitu chenyewe. 1:1 ni sawa kwa sawa. 1:2 ni nusu. 2:1 ni kukuza mara mbili, kwa vitu vidogo kama pini. Ramani za nyumba mara nyingi huwa 1:100 au 1:50. Ukuta wa mita 3 kwa 1:50 ni milimita 60 karatasini.

Kuna mtego wa siku hizi. Mchoro wa karatasi ya A3 ukichapwa kwenye A4, kila urefu unapungua hadi asilimia 71 hivi. 1:50 yako sasa ni kama 1:71, lakini chini bado pameandikwa 1:50. Ukitumwa kwa simu na kupigwa picha mara mbili, hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo usiweke rula juu ya mchoro kutafuta kipimo. Kipimo ni kile kilichoandikwa. Kama hakijaandikwa, muulize mchoraji.

Vipimo vinaandikwaje?

Kwa milimita, bila kuandika "mm" kila mara. Andika mara moja chini ya karatasi. Mstari wa kipimo uwe mwembamba, ukae nje ya umbo, uwe na vishale ncha zote mbili, na namba ikae juu yake. Namba zisomeke ukiwa chini ya karatasi au upande wake wa kulia, ili msomaji asizungushe shingo. Ø mbele ya kipenyo, R mbele ya nusu kipenyo.

Kila kipimo kiandikwe mara moja tu. Vijana hudhani kurudia ni kusaidia. Siku utakapobadilisha 80 kuwa 85 mahali pamoja na kusahau pengine, utaelewa. Tena pima tundu mpaka katikati yake, sio mpaka ukingoni, kwa kuwa keekee inaanzia katikati. Na vipimo vya sehemu moja vianzie ukingo mmoja: ukipima tundu la kwanza kutoka ukingoni, la pili kutoka la kwanza, la tatu kutoka la pili, makosa madogo yanabebana mpaka la mwisho halikutani na boliti.

Tundu letu ni 12 kwa sababu boliti ni M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10. Tundu la 10 kwa boliti ya M10 ni ugomvi na nyundo.

Mbao na mabomba huuzwa kwa inchi. Nichore kwa nini basi?

Chora kwa milimita, nunua kwa inchi, na upime ulichonunua kabla ya kuchora. Inchi moja ni 25.4, kwa hiyo mbao ya mbili kwa nne kwa jina ni 50.8 kwa 101.6. Ikipigwa randa inapungua, na wakati mwingine ilikwisha pungua kwenye msumeno. Niliwahi kuchora kabati zima nikitumia 50 ya jina. Milango ikaacha mwanya wa kupitisha kidole. Mteja alikuwa muungwana. Mke wake hakuwa.

Mkato ni nini?

Unajifanya umekikata kitu kwa msumeno ili uonyeshe ndani. Sehemu ambayo msumeno umepita kwenye chuma inajazwa mistari myembamba ya nyuzi 45. Vipande viwili vinavyogusana vijazwe kwa mielekeo tofauti. Boliti na nati hazikatwi hata kama msumeno umezipitia, zinaachwa nzima. Tumia mkato pale mistari ya vipande vipande imekuwa mingi mpaka mchoro unafanana na mkeka.

Kisanduku cha kona ya chini kulia ni cha nini?

Jina la kitu, skeli, kizio, alama ya pembe, malighafi, aliyechora, tarehe. Tarehe ndiyo inayosahaulika, na ndiyo itakayokuambia ipi kati ya karatasi mbili ni ya karibuni.

Si kompyuta inafanya haya yote?

Inafanya, na vizuri. LibreCAD na FreeCAD ni programu za bure, na AutoCAD imekuwapo tangu 1982. Ila kompyuta haikuambii mwonekano gani umekosekana wala kipimo gani fundi atakihitaji. Tena mteja anapoeleza geti analolitaka huku amesimama barabarani, huwezi kumwambia asubiri uwashe mashine. Mchoro wa mkono ndio mazungumzo yenyewe. Kompyuta inakuja jioni.

Mafundi wengi wakubwa hawachori. Kwa nini nijisumbue?

Ni kweli, na sibishi. Nenda Nungwi, Unguja, uone majahazi yanavyoundwa: chombo kizima kinatoka kwenye jicho na kumbukumbu ya fundi, hakuna karatasi. Lakini angalia pia kwamba fundi yupo pale tangu mkuku unapolazwa mpaka chombo kinashuka majini, na wanafunzi wake wako naye kila siku. Ukiwa na nafasi hiyo, usichore. Ukitaka vipande ishirini vikatwe mji mwingine na mtu usiyemjua, chora.

Nitajuaje kama mchoro wangu umekamilika?

Mpe mwenzako asiyekijua kitu hicho, pamoja na boksi la karatasi gumu, mkasi na gundi. Akitengeneze hapo hapo, nawe ukae kimya. Kila swali atakalokuuliza ni kipimo au mstari uliokosekana, liandike, usilijibu. Kipande chetu cha L kimefanyiwa jaribio hili mara nyingi, na swali linalotoka karibu kila mara ni lile lile: "Hili tundu linatokea upande wa pili, au linaishia katikati?" Mchoraji huapa kwamba amelionyesha. Tukitazama mwonekano wa mbele, ile mistari miwili ya vipande haipo.